Mwaka Aliotukanwa Wakili Gervas

Magazeti yote mawili niliyonunua asubuhi ile ya kutangazwa kifo cha Wakili Gervas yalimwita mwana wa Tabora. Niliyasoma nikiwa nimesimama palepale kwa muuzaji, nikacheka, kisha nikaanza kulia, mpaka kijana wa watu akanisogezea kigoda chake akidhani presha imenipanda. Yaliandika mengi, na mengi yalikuwa kweli: kwamba alikuwa wakili kabla ya kuwa mbunge, kwamba alikaa bungeni vipindi kadhaa, kwamba aliongoza kamati, kwamba mswada wa misitu ukiingia ukumbini mawaziri walijifuta jasho kabla hajasimama. Picha waliyoichagua ni ile ya uzeeni, miwani puani, anatabasamu. Mwana wa Tabora. Wameandika kama vile jambo hilo halikuwahi kubishaniwa, na mimi nilikuwepo lilipobishaniwa. Jioni mkewe, Mama Renatha, akanipigia simu. Sauti yake ilikuwa imekauka. "Tatu," akaniambia, "watoto wanaandika wasifu wa baba yao. Ule mwaka wa kwanza uandike wewe. Mimi nikiuandika nitaandika kwa hasira." Nikamwambia hata mimi hasira ninazo. Akasema, "Zako zina kicheko ndani. Andika."

Basi naandika. Sitaanza na ukoo wake, uliguswa vya kutosha mwaka huo, tena na watu ambao mikono yao haikuwa safi. Nitaanza na ofisi. Nilishuka stesheni ya Tabora nikiwa binti wa Kizaramo mwenye digrii mpya ya sheria na sanduku la bati, nimekuja kujifunza uwakili chini ya mtu nisiyemjua. Ofisi yake ilikuwa Gongoni, vyumba viwili nyuma ya duka la vitambaa la Mwarabu mmoja mpole, kwa hiyo mashauri yetu yote, ya mauaji na ya mirathi, yalinukia doti mpya. Chumba cha mbele kilikuwa na benchi la wateja na meza yangu yenye taipureta. Cha nyuma kilikuwa chake. Katikati palikuwa na ukuta wa hadibodi ambao haukuficha kitu. Nilisikia wake wakilia, waume wakidanganya, na yeye akiuliza swali lilelile kwa sauti ileile: "Na shahidi wako ni nani?" Mchana mama ntilie alituletea ugali na samaki wa migebuka, au nsansa, mboga ya majani makavu, iliyoungwa kwa karanga, tukala meza moja. Alikunja mikono ya shati taratibu, mkunjo kwa mkunjo, akala bila kuongea, halafu akanywa chai ya rangi aliyoitia asali badala ya sukari. Nilikuwa nimetoka kwenye nyumba ambayo watu wanakula huku wanapayuka, ule ukimya ulinitesa wiki za mwanzo. Baadaye niliuzoea, na sasa nyumbani kwangu wajukuu wakipiga kelele mezani huwa naukumbuka kwa hamu.

Alikuwa mtu wa miaka arobaini hivi, mrefu, suruali imenyooshwa hata siku ambazo hakuna mahakama. Kiswahili chake kilikuwa safi kupita kiasi. Mtu wa Tabora akizungumza, Kinyamwezi kitachungulia mahali, hata kama ni kwenye salamu tu. Kwake hakikuchungulia chochote. Nilidhani ni usomi. Ilinichukua miezi kuelewa kwamba mtu anayezungumza hivyo ni mtu ambaye tangu utotoni amekuwa akisikilizwa na watu wanaomtafutia kosa. Baba yake alitoka Burundi zamani, kabla ya makambi ya wakimbizi, akaja kulima tumbaku Urambo. Yeye alizaliwa hukohuko Urambo, akasoma hukohuko, na uraia wake ulikuwa na karatasi nyingi kuliko wangu mimi ambaye sikuwahi kuulizwa hata moja. Karatasi hizo alizitunza kwenye mfuko wa nailoni ndani ya saraka ya juu, mahali ambapo mawakili wengine huweka dawa za kichwa. Nilimwona akizigusa wakati mwingine anapotafuta kalamu.

Katika wateja wetu alikuwepo Mzee Maganga, mfanyabiashara wa asali kutoka njia ya Sikonge. Huyu tumbo lilitangulia, na sauti ilitangulia tumbo. Siku ya kwanza alipoingia nilisimama. "Shikamoo, mzee." "Marahaba, binti. Kabila gani wewe?" Nikamwambia. Akashika kichwa. "Wakili!" akaita kupitia hadibodi. "Umekosa watu wa kuajiri mpaka unaokota Mzaramo? Babu yangu alibeba pembe kwa miguu toka hapa mpaka pwani, alipofika, watu wa huyu binti wakamwibia mpaka kamba ya mzigo!" Mimi nilizaliwa na mdomo, sikungoja. "Babu yako alifika pwani uchi, mzee," nikamwambia. "Tukamwonea huruma tukampa kaniki, akarudi kwao anatamba kwamba ameonana na Wazungu." Maganga alicheka mpaka akakaa kwenye benchi bila kukaribishwa. Kuanzia siku hiyo kila alipokuja aliniletea chupa ya asali na tusi jipya, na nisipomrudishia la kwake aliuliza kama naumwa.

Msomaji ambaye kwao hakuna utani asinionee huruma. Mnyamwezi na Mzaramo ni watani tangu enzi za misafara, na mtani akikutukana anakuambia kwamba unajulikana. Atakuchukulia kuku na usimshitaki. Na ukifiwa ndipo kazi yake inapoanza: atakuja msibani amevaa kofia ya marehemu, ataiga mwendo wake, atapanda juu ya udongo wa kaburi na kusema maiti huyu alikuwa mlafi, azikwe na sufuria. Watu wanaolia watacheka, kisha watalia vizuri zaidi. Msiba usio na mtani ni msiba wa mtu asiye na watu. Haya niliyajua kabla sijajua kusoma.

Wakili Gervas naye aliyajua, lakini kwa mbali, kama mtu anavyojua ngoma ya kijiji cha jirani. Maganga alijaribu mara nyingi kumwingiza. "Na huyu Mrundi wangu hajambo?" aliuliza akiingia chumba cha nyuma. Ikajibu ile sauti nyoofu: "Mzee Maganga, tuendelee na shauri." Siku moja nilimsikia mzee akimpigia hesabu ya ukoo. "Sikiliza. Waha ni watani zetu toka njia ya Ujiji, hilo kila mtu anajua. Mrundi na Muha ni ndugu. Kwa hiyo wewe ni mtani wangu." Wakili akauliza, "Nani ameamua hivyo?" "Nimeamua mimi." "Hilo halimo katika shauri letu, mzee." Niliposikia hivyo niliuma kidole ili nisicheke. Maganga alitoka mule akanikonyeza, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka dukani kwa Mwarabu, "Huyu bosi wako kanyooshwa pamoja na suruali."

Shauri lenyewe lilikuwa la mizinga. Maganga na wenzake walikuwa na mizinga ya magome juu ya miti ya miombo, mahali ambapo baba zao waliitundika, na siku moja msitu ule ukatangazwa hifadhi, wakaambiwa wao ni wavamizi. Wakili alilipigania kwa nguvu zake zote. Nilimbebea majalada, nikamsikia akizungumza mpaka karani wa mahakama akasahau kuandika. Tukashindwa. Hakimu, kijana mstaarabu, alisema kwa masikitiko ya kweli kwamba hoja ni nzuri lakini sheria iliyopo haina mahali pa kuziweka. Tulirudi ofisini kwa miguu. Mama ntilie alikuwa ameacha bakuli la michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, iliyochemshwa kwa karanga, imepoa. Wakili alikunja mkono mmoja wa shati, akausahau wa pili. "Bi Tatu," akasema, na hakuwa na kawaida ya kuzungumza wakati wa kula, "miaka yote hii nimekuwa naenda kuomba maji kwa mtu ambaye hana kisima." Wiki haikuisha nikasikia kupitia hadibodi akimwambia mkewe kwamba anakwenda kuchukua fomu ya ubunge. Mama Renatha hakupaza sauti. Aliuliza tu, "Unajua wataanzia wapi?" Akajibu, "Wanaanzia kwa baba. Waanze. Nina hati." Mama Renatha akasema, "Gervas, sikukuuliza kama una hati." Kisha nikasikia kiti kikisogezwa, na yule mama akapita mbele ya meza yangu bila kuniona. Nilimwogopea yule mwanamume siku hiyo kuliko siku zote zilizofuata.

Kura za maoni za chama alizishinda, jambo ambalo hatukulitegemea hata sisi tuliomzunguka. Wakulima wa tumbaku aliowatetea, wajane aliowarudishia viwanja, wote walitokea. Maganga hakutokea. Yeye alikuwa na mtu wake, mgombea wa upande wa pili, waliyesoma naye na kufanya naye biashara, na alituambia hivyo waziwazi akiwa amekaa kwenye benchi letu. "Wakili wangu ni wewe, mbunge wangu ni yule. Kila jambo na mahali pake." Halafu pingamizi likaja, kama Mama Renatha alivyosema: mgombea si raia, ni mkimbizi, baba yake ni fulani, ametoka mahali fulani. Lilisikilizwa asubuhi moja. Msimamizi wa uchaguzi alipitia zile hati za mfuko wa nailoni, akaangalia kifungu, akalitupilia mbali kabla chai haijaja. Nilitaka kupiga vigelegele kwenye ngazi za ofisi ya serikali. Wakili alinishika mkono, akasema kwa utulivu, "Limekwisha, Bi Tatu." Na mimi mjinga nikaamini.

Kumbe lilikuwa ndiyo kwanza limepata miguu. Kila kijiji tulichofika, vumbi likiwa halijatua, kulikuwa na mtu nyuma ya umati aliyeguna neno lile: Mrundi. Wakati mwingine lilikuwa tusi la kulipwa, wakati mwingine udadisi tu, na wakati mwingine, sasa najua, lilikuwa salamu. Yeye hakutofautisha. Alitoa hati zake mbele ya watu, akazisoma kwa vifungu, akaeleza maana ya uraia wa kuzaliwa, akataja sura ya sheria. Aliongea vizuri mno. Watu walisikiliza kwa adabu, wamekaa juu ya baiskeli zao, na walipokuja walikuwa na swali la kisima na bei ya tumbaku, lakini walipoondoka walikuwa na swali la baba yake. Nilijaribu kumwambia kwenye gari. Nilimwambia, "Mzee, hawa si mahakama." Akanijibu kwamba uongo usiojibiwa huwa ni kukiri. Hilo ni kweli mbele ya hakimu. Alikuwa ameishi mbele ya hakimu maisha yake yote, na hata kabla hajawa wakili.

Katikati ya kampeni akafariki mama yake Maganga, Bibi Nyamizi, mkongwe aliyekwisha kuzika watoto na wajukuu. Wakili alisimamisha mikutano tukaenda kuzika, mimi, yeye na dereva, na nakumbuka nilifurahi, maana ni msibani tu ambapo hakuna mtu angemwuliza habari za kura. Tulikuta turubai, wanawake wamejifunga kanga za kiunoni, moshi wa masufuria, harufu ya mlenda. Wazee walituitikia "mwangaluka" na kutupisha mkekani. Maganga alikuwa amekaa chini, kichwa wazi, mdogo kuliko nilivyowahi kumwona, na nilipomwinamia kumpa pole hakunitukana. Nilijua basi kwamba ameumia kweli. Tulikwenda kaburini. Mimi ni Mzaramo, nilijua wajibu wangu, nikaongea machache juu ya bibi aliyekataa kufa mpaka amalize asali yote ya Sikonge, watu wakacheka kwa pua. Kisha Maganga akanyanyuka. Uso wake ulikuwa umelowa. Akamwelekea Wakili Gervas, akanyoosha mkono mbele ya kijiji kizima, akasema, "Na wewe Mrundi, umesimama hapo na tai yako unangoja nini? Mama yako huyu anazikwa. Panda."

Alikuwa anampa nafasi. Kila mtu pale alielewa: watoto, katekista, hata wafuasi wa mpinzani wake. Mtu anayemtangaza mwenzake mtani mbele ya kaburi la mama yake amemfungulia mlango wa nyumba ya ndani kabisa. Wakili akalisikia neno moja tu. Nilimwona akinyooka. Akaingiza mkono mfukoni, na moyo wangu ukaniambia: usitoe, usitoe. Hakuzitoa hati, lakini mkono ulibaki juu yazo. Akasema, kwa ile sauti safi, "Mzee Maganga, nakupa pole kwa msiba. Lakini naomba mbele ya hadhara hii ifahamike kwamba mimi ni raia wa nchi hii kwa kuzaliwa, na suala hilo limeshaamuliwa na mamlaka inayohusika." Watu hawakukasirika. Walimtazama kama mtu aliyepewa maji akayamwaga. Maganga aliteremsha mkono polepole. "Haya," akasema. "Mfukieni mama." Wakamfukia bila utani mwingine wowote, na udongo ukianguka ulisikika.

Kwenye gari sikuweza kujizuia. Nilimwambia, "Umeitwa ndani, mzee, ukasimama mlangoni unaonyesha kitambulisho." Sijawahi kumwona akikasirika kabla ya hapo. Alimwambia dereva asimame, akashuka, akaenda kusimama kati ya miti, nami nikashuka nikamfuata kwa sababu nilishaanza na ilikuwa lazima nimalize. "Wewe unaweza kucheka," akaniambia bila kugeuka. "Maganga akikuita Mzaramo, kesho yake unaamka bado Mzaramo. Mimi nilipokuwa shule, mwalimu alisema neno hilohilo, Mrundi, watoto wakacheka, nami nikacheka nao. Wiki ileile walikuja watu kwa baba wakamtaka athibitishe. Walimkalisha nje ya ofisi toka asubuhi mpaka jioni, amevaa koti lake la kanisani. Kwa wengine ni mzaha. Kwetu ndivyo kufukuzwa kunavyoanza." Nilikuwa nimemwona mjinga wa utani, na hakuwa mjinga hata kidogo. Alikuwa na haki, na Maganga alikuwa na haki, na kati yao mama wa watu alikuwa amezikwa kimya.

Siku za matanga zilipokwisha alikwenda kwa Maganga. Aliniomba nifuatane naye, nadhani alitaka mtu wa kumtafsiria, ingawa wote watatu tulizungumza Kiswahili. Tulikuta mzee anapakia madumu ya asali, akatuingiza ndani, sebule ya giza yenye viti vya kitambaa kilichofumwa, akatukaribisha matobolwa, vipande vya viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa. Wakili akaanza, "Nimekuja kuomba radhi—" Maganga akamkata. "Mtani haombi radhi. Mtani anatozwa. Umeniacha nimzike mama yangu kama mgeni. Utaleta jogoo." Wakili akamweleza, palepale, habari ya baba yake na lile koti, kwa maneno machache kuliko aliyoniambia mimi. Maganga aliacha kutafuna. Alitazama mikono yake, ile mikubwa yenye nta. "Hilo sikulijua," akasema. "Mimi nikikuita vile nilikuwa nakuita. Wao walikuwa wanakufukuza. Neno moja, mtu utajuaje?" Wakili akasema, "Ndiyo taabu yenyewe, mzee. Hujui." Walikaa hivyo, watu wazima wawili, matobolwa yamebaki sahanini. Tulipokuwa tunaaga, Wakili alisimama mlangoni, akakohoa, na kwa shida, kama mtu anayetoa jino lake mwenyewe, akasema, "Jogoo nitaleta. Ila atakapoona anakuja kuliwa na tumbo hilo, atakufa njiani kwa aibu." Maganga alimtazama sana. "Mbaya," akasema. "Mbaya mno. Hata Mzaramo angefanya vizuri zaidi. Leta jogoo."

Sitasema kwamba baada ya hapo alikuwa bingwa wa utani, maana hakuwa. Lakini zile hati zilibaki kwenye saraka ya ofisi. Mtu akiguna neno lile nyuma ya umati, alinyamaza kidogo, akamtazama aliyesema, kisha akaendelea na habari ya kisima. Nilijua gharama ya ule unyamavu, niliiona shingoni mwake. Watu wakaanza kuuliza maswali yao wenyewe, naye akayajibu kama wakili anayejua kazi, na baadhi ya vijiji wakaanza kumchangamkia. Alishinda kwa kura chache. Maganga alikuja ofisini na chupa ya asali, akaiweka mezani kwangu, akapaza sauti kuelekea hadibodi: "Mheshimiwa! Sikukupigia kura, na wakati ujao sikupigii!" Nikasikia kitu ambacho sikuwahi kukisikia toka chumba kile. Alikuwa anacheka. Alicheka peke yake mle ndani, kwa sauti ndogo, muda mrefu.

Wakati anajiandaa kwenda Dodoma kuapishwa, mimi nilibaki na funguo za ofisi na majalada yaliyobaki. Aliondoka na suti mpya aliyoshonewa mjini. Siku mbili tatu hazikupita, simu ya dukani kwa Mwarabu ikalia, nikaitwa. Alikuwa binti yake Maganga, Kulwa, anapiga kutoka Sikonge. Baba yao alikuwa ameanguka ghalani, hakufika hospitali. Nikaanza kulia, akanikatiza. Alikuwa amelia vya kutosha, sasa alikuwa na kazi. "Dada Tatu, jeneza liko tayari na kaburi limechimbwa. Wazee wamesimamisha mazishi. Wanasema mtani wake hajafika." Nikamwambia, mimi nakuja sasa hivi. Akasema, "Wewe njoo, karibu sana. Lakini si wewe. Wanamtaka Mrundi." Aliposema hivyo nilikaa chini kati ya majora ya kitambaa. Nikampigia kule Dodoma, nikatafutiwa, nikasubirishwa, hatimaye akaja kwenye simu. Nilimweleza kama nilivyoelezwa, maneno yaleyale, sikulainisha lolote. Nikamkumbusha kwamba kuapishwa ni kesho. Akasema, "Kiapo kitaningoja. Waambie wasizike."

Alifika kesho yake kabla ya jua kupanda sana, suti imekuwa nyekundu kwa vumbi. Umati ulimpisha mpaka kaburini bila mtu kumwita mheshimiwa. Jeneza lilikuwa limewekwa kando, Kulwa na ndugu zake wamelizunguka. Alisimama pale juu ya udongo kama nilivyomwona amesimama siku ile ya Bibi Nyamizi, na niliogopa, Mungu anisamehe, niliogopa kwamba atatoa hotuba. Akavua viatu. Akajishika ukingoni, akateremka shimoni na suti yake yote, akasimama mle ndani, kichwa tu na mabega vikionekana. "Mazishi haya nayasimamisha," akasema. Sauti ilikuwa ileile ya mahakamani. "Nina pingamizi. Huyu mnayetaka kumweka humu ni nani? Amezaliwa wapi? Nataka kujua, maana mimi simjui. Naona tumbo tu." Kicheko kikapasuka upande wa wanawake. "Msicheke. Ni mgeni huyu. Nani anamfahamu? Baba yake alitoka wapi? Ana hati gani ya kulala katika ardhi hii?" Bibi mmoja akapiga kelele kwamba amezaliwa palepale, yeye mwenyewe alimpokea. "Shahidi wa pili!" akasema. Mzee mmoja akajibu kwamba alitundika naye mzinga wa kwanza. Wakaanza kujibu wote, kila mmoja na lake, alimwoza fulani, alimpiga fulani, alikula mbuzi wa fulani, wanacheka huku machozi yanawatoka, na yeye mle shimoni anageuka huku na huku akiwauliza tena na tena, nani anamjua, nani anamjua huyu, mpaka sauti yake safi ikapasuka katikati ya neno na hakuweza kuendelea. Aliegemea ukuta wa kaburi, akaweka uso kwenye udongo, akalia kama mtoto. Hakuna aliyemharakisha. Baada ya muda Kulwa akapiga magoti ukingoni, akamnyooshea mkono. "Inatosha, mtani," akamwambia. "Tunamjua wote. Toka humo sasa, tumzike baba yetu." Wakili akainua mikono yote miwili, wakamvuta, na mtu mmoja akampa jembe.